Kliniki kwanza, mavyaa baadaye

Mwanangu Zuhura,

Wa aleikum salaam. Ujumbe wako nimeusoma alfajiri baada ya swala. Nimecheka, nimelia, nikaurudia. Kipimo kimetoa mistari miwili, nawe wauliza: umwambie mavyaa yako sasa, au usubiri miezi mitatu ipite?

Mimi nakuuliza: kliniki umekwenda? Kliniki kwanza. Usingoje tumbo litokeze, nenda kabla ya wiki 12. Ikumbuke siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ndiyo watakayoanzia kuhesabu. Watakupima wingi wa damu, mkojo, malaria, kaswende na VVU, na mumeo aende nawe apimwe, asijitie ana kazi. Vidonge vya foliki usivicheleweshe, maana uti wa mgongo wa mtoto hujifunga wiki za mwanzo kabisa. SP ya kuzuia malaria watakupa wenyewe miezi mitatu ikishapita, usiende kujinunulia dukani. Na ule udongo wa pemba uliokuwa ukiuiba kwenye kikapu cha dada yako, nakujua mie, uache.

Haya, mavyaa. Bibi yako mzaa baba alijua mimba ya kaka yako kabla ya mtu yeyote, kwa sababu nilitapika mbele yake. Wiki ile ile palikuwa na harusi Ngamiani. Akainuka kama anayekwenda kutunza, akamnyang'anya mwimbaji kipaza sauti, akatangaza. Mama yangu mzazi, aliyenizaa, akaja kupongezwa na mchuuzi wa samaki pale Deep Sea! Akalipia changu wake, akarudi nyumbani, hakunisemesha mpaka mwezi mwingine ukaandama. Hata leo nikipita sokoni pale uso unaniwaka.

Ndiyo maana ulimi wanituma nikwambie nyamaza. Lakini nisimwonee marehemu. Siku niliyoanguka uani damu ikinitoka, baba yako yuko safarini, ni yeye aliyenipakia kwenye gari la jirani, akamweleza daktari mimba ina miezi mingapi kabla sijafumbua mdomo. Angekuwa hajui angenikanda, akanilaza. Sasa mtu kama yule ni wa kufichwa? Si wa kufichwa. Ila mdomo wake, mwanangu, mdomo wake!

Basi huko Dodoma lazima awepo mtu mmoja wa karibu anayejua, wa kukukimbiza hospitali ukitokwa damu au tumbo likikukata upande mmoja, maana hayo hayangoji kukuche. Awe mavyaa yako, awe wifi yako, utaamua mwenyewe. Mimi najizuia kusema, na Mungu anajua ninavyojizuia. Bosi wako ndiye asiye na haraka: sheria ya kazi inataka umpe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, na likizo yako ni siku 84. Wakiwa mapacha ni 100, na kwa kina baba yako mapacha wapo, usicheke.

Lakini kliniki kwanza. Jumatatu. Ukitoka nipigie unitajie wingi wa damu, nijue kama nikutumie dagaa. Mama yako mkubwa keshaniuliza nacheka nini peke yangu jikoni. Nimemjibu nasikiliza redio.

Mama yako,
Tanga