Wajukuu wananiuliza Babu alikuwa anafanya nini msituni

*Mwanangu, mimi ni bibi wa hapa Tabora, Ng'ambo. Mume wangu ametutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi. Siku ya maziko ukasomwa wasifu wake: alizaliwa Sikonge, aliajiriwa reli, alistaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Basi. Hakuna aliyetaja nyuki, na mume wangu alikuwa mtu wa nyuki. Akipata likizo ni mizinga, na alipostaafu ndiyo akahamia huko kabisa. Jioni akiwa nyumbani ni bao na wenzake chini ya mwembe. Sasa mjukuu wetu wa miaka kumi na mmoja ananiuliza, "Babu alikuwa anafanya nini msituni?" Sina jibu, maana sikuwahi kufika huko. Kazi yangu ilikuwa kuchuja asali tu. Mwanangu mkubwa anataka tuuze mizinga na vitu vyake, kwa kuwa kila nikiviona ninalia. Arobaini inakaribia. Nifanye nini?*

Shikamoo, Bibi. Pole sana. Mungu ampumzishe mzee wetu, na wewe akutie nguvu.

Nianze na hilo neno "tu" uliloliweka kwenye kuchuja asali, maana limenikaa moyoni. Masega yalipofika nyumbani, ni nani aliyeyakamua? Ni nani aliyeyachemsha yale makapi kwenye sufuria, akayachuja kwa kitambaa, akayaacha yapoe mpaka nta ikaganda juu ya maji kama bamba la njano? Ni wewe. Na mfuga nyuki anapotundika mzinga mpya huupaka nta ndani, ili nyuki wapitao wavutwe na harufu, waingie na kuufanya makao. Bila shaka bonge ulilomfungia mzee kwenye mfuko wake ndilo alilolipaka kwenye mizinga yake ya magogo kule msituni. Wewe hukufika, lakini kazi ya mikono yako ilifika. Mweleze mjukuu hivyo hivyo, kisha mwekeeni sufuria jikoni, achemshe masega na wewe umsimamie. Hapo atakuwa amejifunza nusu ya kazi ya babu yake kutoka kwako.

Nusu ya pili wanayo wale warina asali wenzake, nao ni wazee. Usingoje. Siku ya arobaini, ndugu wakishakula na kutulia, waombe wawili watatu wazungumze, na kijana mmoja arekodi kwa simu. Msiwaombe "mtueleze marehemu alikuwaje", maana wataishia kusema alikuwa mtu wa watu. Waulizeni vitu vidogo. Nani alimfundisha? Alipenda kutundika mizinga kwenye mti gani, na kwa nini huo? Alijuaje mzinga umejaa kabla ya kuufungua? Usiku wa kurina, nani alishika moshi na nani alipanda juu? Siku nyuki walipowageukia alikimbilia wapi? Mkiuliza hivyo watu watacheka msibani, na mtacheka nao, wala si kumkosea heshima mzee. Wale wa bao nao waulizeni alivyokuwa akishinda, na alivyokuwa akishindwa.

Kisha andikeni wasifu mwingine. Ule uliosomwa makaburini haukusema uongo, ila ulisema yale ambayo ofisi yoyote ingeyajua. Huu wa pili uwe wa nyumbani: daftari la kawaida, wewe ukisimulia, mjukuu akiandika kwa mwandiko wake. Akikosea tahajia, mwacheni.

Jambo jingine la haraka ni simu ya mzee. Kama alikuwa akiwatumia watoto ujumbe wa sauti au picha, vihamishieni kwenye simu nyingine wiki hii. Laini isipotumika kwa muda hufungwa, na simu ikiharibika sauti yake inaweza kupotea nayo.

Sasa mizinga. Mimi nasema isiuzwe kwa sasa. Mvua zikikatika, baada ya nyuki kukusanya mbochi, yaani maji matamu ya maua ya miombo, warina wataingia msituni. Mwombeni mmoja wa wenzake arine na mizinga ya mzee kwa makubaliano ya kugawana, na mjukuu afuatane na baba yake akaone. Hapa niwe mkali kidogo: nyuki wetu ni wakali, na kazi hii mara nyingi hufanywa usiku. Mtoto abaki kambini, mbali na mti, na mtu mzima wa kumwangalia, avae nguo za kumfunika mwili mzima. Kama msitu ule ni hifadhi, ulizeni kwa afisa nyuki wa halmashauri kuhusu kibali. Na kijana akiipenda kazi yenyewe, Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapo hapo Tabora. Siku moja mpelekeni akatazame.

Kuhusu mwanao, usimwone mkatili. Amefiwa na baba, na kila akija anamkuta mama analia mbele ya koti la kurinia. Anadhani koti likiondoka, kilio kitaondoka nalo. Mwite peke yake, umwambie: "Baba, acha nilie, sijaugua. Nikihitaji vitu hivi vitoke nitakuambia mwenyewe." Viatu, mashati, vyombo vya ziada, wapeni ndugu mnapoona inafaa, kwa mila zenu. Koti, kisu cha kurinia na bao mbaki navyo.

Na hata kama familia nzima ingekubaliana kuuza, mizinga ni mali ya marehemu. Haiuzwi wala haigawiwi kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi. Itisheni kikao cha ukoo kwanza, mpendekeze jina, muandike muhtasari, kisha mwende nao mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Wewe, kama mjane, uwemo kwenye kikao hicho, na haki zako zisemwe wazi mbele ya wote.