Swali la lugha: Ubao wa katikati ya boti ya tanga ni mkuku?

Msomaji anaandika maelekezo kwa wanaojifunza boti ndogo ya tanga, zile za kutembea mchana na kurudi, na sentensi yake inasema "shusha mkuku kabla ya kubisha" (kubisha ni kwenda kinyume na upepo kwa kukata huku na huku). Mwenzake kaikataa. Pia anauliza kama ule mti wa chini ya tanga aite foromali.

Kwenye mkuku namuunga mkono mwenzake. Mkuku ni mti wa chini kabisa unaotoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), chombo chote kimejengwa juu yake, sasa unaushushaje? Hiki unachokisema ni ubao, unakaa ndani ya sanduku lake katikati ya boti, na kazi yake ni kuzuia upepo usiisukume boti kwenda upande. Ukibisha unaushusha wote, upepo ukija wa tezi unaupandisha sehemu kubwa, na ukikaribia ufukweni unaupandisha kabisa usije ukagonga chini.

Mimi naandika "ubao wa katikati" na sioni sababu ya kutafuta zaidi, ila angalia vitenzi, hapo watu wengi wanateleza. Kwenye boti kama Wayfarer, ile ya mita 4.82 aliyoichora Ian Proctor mwaka 1957, ubao unazunguka kwenye pini, kwa hiyo unashushwa na kupandishwa. Kwenye boti ya Laser ubao unaingia wima kutoka juu na unaweza kuutoa wote ukaubeba mkononi, huo unachomekwa na kuchomolewa. Kitenzi peke yake kinamwambia msomaji ana boti ya aina gani.

Na hili sio suala la usafi wa lugha tu. Boti ikipinduka, anayejifunza anatakiwa akanyage ubao uliotokeza ili ainue boti, wewe ukimwandikia "kanyaga mkuku" atahangaika kupanda tumboni mwa boti wakati angekuwa ameshainuka, kwa hiyo nakuomba sana ubadilishe.

Foromali ni mti unaobeba tanga kwa juu, unapandishwa nalo mlingotini. Wa chini sio foromali, andika tu "mti wa chini wa tanga", ni mrefu kidogo lakini hakuna atakayekosea. Ila kwa boti ya Mirror ya 1962, ambayo ina mti wa juu unaopandishwa na tanga, hapo foromali naikubali bila shida.

Kana (mpini wa kugeuzia usukani) na usukani umevitumia vizuri, usiviguse. Lakini "kamba ya kuvutia tanga" inajirudia karibu kila aya na neno lake lipo, demani, lieleze mara moja mwanzoni halafu litumie. Sentensi yako ningeiandika hivi: "Shusha ubao wote, kaza demani, shika kana vizuri, ndio uanze kubisha."