Shangazi, nilimchapa mwanangu ufukweni siku ya kuondoka

Mama mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ameniandikia. Yeye na mumewe walidunduliza mwaka mzima, likizo ya Juni wakawapeleka watoto wao, wa miaka saba na minne, kuiona bahari kwa mara ya kwanza. Wakakaa Kigamboni wiki nzima kwa raha. Asubuhi ya mwisho baba anahimiza mabegi, treni ni ya mchana, na mdogo anadai kuogelea. Mama akamkimbiza ufukweni, "dakika tano tu". Kufika, maji yametoka mbali, umebaki mchanga na mwani. Mtoto akajigaragaza akipiga mayowe. Mama akavua kandambili, akamchapa mbele za watu. Ndani ya treni mume alinyamaza mpaka Dodoma, ndipo akasema: "Pesa yote hii, mwisho wake aibu." Sasa mtoto anakoroga chumvi kwenye beseni la maji uani, na kila jioni anauliza, "Kesho tunaenda?" Mama anataka kujua kama likizo imeharibika, na kama yeye ni mama mbaya.

Mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na lile beseni limenitoa machozi.

Nianze na maji, maana hapo ndipo penye jambo. Bahari hujaa na kupwa, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Ukikaa wiki moja, saa ile ile uliyoyakuta maji yamejaa ndiyo utakayoyakuta yamekupwa. Mvuvi yeyote wa pale angekwambia, lakini sisi wa bara tungejuaje? Mwanao amezaliwa kwenye vumbi la Dodoma, maji anayoyajua ni ya ndoo na ya bomba. Alikwenda kuiaga bahari, akakuta imeondoka. Kwa akili ya miaka minne, yale mayowe yalikuwa ya haki.

Kandambili ilikuwa kosa, na wewe unalijua, ndiyo maana umeandika. Nami niliwahi kumchapa wangu stendi ya mabasi, enzi hizo safari ya Dar ni kutwa nzima barabarani, kwa sababu tu nilikuwa nimechoka na watu wananitazama. Sikumwomba radhi. Leo ni mtu mzima na bado anaikumbuka stendi ile. Wewe usingoje. Chuchumaa pale uani, mtazame, umwambie: "Mama alikosea kukupiga. Ulikuwa na huzuni." Yatosha. Usiongeze "lakini na wewe".

Halafu achana na hiyo "kesho". Wazazi wengi tunaitumia kumnyamazisha mtoto, naye anaishika kama ilivyo, analala akiamka anaidai. Mwambie kweli: hatuendi kesho, ni mpaka baba na mama wapate tena pesa, na ni siku nyingi. Atalia. Mwache alie ukiwa umempakata. Kisha mweleze maji huenda na kurudi, hata sasa hivi yapo.

Baba watoto usimwone katili. Kutoka Kigamboni una foleni ya pantoni, kisha jiji lenyewe, na treni ya SGR haimsubiri mtu. Alikuwa amebeba hofu ya tiketi za watu wanne peke yake. Usimkabili akitoka kazini. Watoto wakishalala, mpe chai, umwambie ulivyojisikia aliponyamaza njia nzima, kisha mwulize yeye alikuwa na hali gani. Picha za zile siku nyingine mnazo kwenye simu. Zitazameni wote wawili. Siku sita nzuri hazifutwi na asubuhi moja, ila mtu aliyekasirika anahitaji kuoneshwa.

Safari nyingine mabegi yafungwe usiku wa kuamkia kuondoka, ibaki miswaki tu. Waulizeni wavuvi maji yanajaa saa ngapi, na kama ni jioni, basi kuaga kufanyike jioni ya kabla. Wapeni watoto nusu saa kamili, baba naye awepo, miguu majini, kila mmoja aseme kwaheri kwa namna yake. Mkubwa hukumtaja kabisa. Mwulize naye, aliona yote.

Beseni mwachie. Jioni moja kaa naye hapo chini, utie mkono majini, umwombe akuoneshe mawimbi.