Nilishachomwa chanjo ya kifaduro mimba ya kwanza, kwa nini nirudie?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nina mimba ya pili, wiki 28 sasa. Juzi kliniki nesi kaniambia nichomwe chanjo ya kifaduro, nikamwambia ngoja nikafikirie kwanza. Ile ya kwanza nilichomwa, haijapita hata miaka mitatu, sasa ya nini tena? Halafu kuna ndugu yangu kasema mama akichanjwa hii, mtoto akija kuanza chanjo zake mwenyewe mwili wake hauzipokei vizuri. Hilo ndo limenitisha kabisa, sitaki nimdhuru mwanangu kwa kuhangaika kumlinda. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Hofu yako naielewa, tena hilo alilosema ndugu yako sio uzushi, kuna ukweli ndani yake, ntafika huko.

Kwanza kifaduro chenyewe. Kwa mtu mzima ni kikohozi cha wiki na wiki kinachochosha, unapona. Kwa kichanga wa mwezi mmoja ni habari nyingine, wengi hata hawatoi ule mlio wa kuvuta pumzi ambao watu wanausubiri ndo wajue ni kifaduro, mtoto anaacha tu kupumua kwa muda, anabadilika rangi, ananyonya kwa shida, na nyumbani wanadhani ni mafua. Chanjo yake anaanza akiwa na wiki 6 au miezi 2 kutegemea ratiba, na dozi moja haitoshi. Hapo katikati hana kitu isipokuwa kile ulichompa wewe akiwa tumboni.

Sasa kwa nini urudie. Ukichomwa, kingamwili (protini za mwili zinazopambana na vijidudu) kwenye damu yako zinapanda ndani ya wiki mbili hivi, na kondo la nyuma linazishika na kuzivusha kwenda kwa mtoto, kazi hiyo inapamba moto miezi mitatu ya mwisho, mpaka mtoto aliyetimiza miezi anaweza kuzaliwa nazo nyingi kuliko mama yake. Shida ni kwamba zinashuka haraka, ndani ya mwaka tu zimepungua sana. Mwili wako bado unakumbuka ile chanjo ya mwanzo, ila kumbukumbu haivuki kwenda kwa mtoto, kinachovuka ni kingamwili zilizopo kwenye damu yako sasa hivi. Ndo maana ni kila mimba, hata kama zimefuatana. Marekani wanachoma kati ya wiki 27 na 36, Uingereza wanaanza wiki ya 16.

Usalama: ndani yake hakuna bakteria hai, ni protini zake na sumu yake iliyozimwa, imechanganywa na ya pepopunda na dondakoo, kwa hiyo haiwezi kukupa kifaduro wewe wala mtoto. Bega litauma, pengine uchovu na homa ndogo siku moja mbili. Uingereza walianza kuwapa wajawazito Oktoba 2012, mwaka ambao vichanga 14 walikufa kwa kifaduro, wakafuatilia wanawake kama 20,000 waliochanjwa na hawakuona watoto kufia tumboni kuongezeka, na kwa vichanga chini ya miezi 3 kinga ilikuwa kama 9 kati ya 10. Sitaki kukuficha pia kwamba utafiti mmoja wa Marekani ulikuta maambukizi ya utando wa mimba yakiandikwa zaidi kidogo kwa waliochanjwa, asilimia 6.1 kwa 5.5, lakini kuzaa kabla ya wakati hakukuongezeka. Kama uliwahi kupata aleji kali baada ya dozi iliyopita hapo ni tofauti, mwambie daktari kabla ya kuchomwa.

Haya, la ndugu yako. Ni kweli mtoto wa mama aliyechanjwa, akipimwa damu baada ya dozi zake za mwanzo, mara nyingi kingamwili alizotengeneza mwenyewe ni chache kidogo, kwa sababu zile zako bado zipo mwilini mwake na zinaiwahi chanjo kabla mwili wake haujaishughulikia vizuri. Lakini namba ya maabara sio ugonjwa! Watoto hawa wakifuatiliwa baada ya kumaliza dozi za mwanzo hawajaonekana kuugua kifaduro zaidi ya wenzao, na vifo vingi vya kifaduro viko kwenye ile miezi mitatu ya mwanzo ambayo wewe ndo unailinda. Mimi ningekuwa na mtoto tumboni nisingejiuliza mara mbili, kupungua kidogo baadaye na kuachwa mtupu siku za kwanza havilingani kabisa. Cha muhimu ratiba yake isichelewe hata wiki moja.

Na usiseme utachomwa ukishajifungua, hapo utapunguza tu uwezekano wa kumwambukiza wewe, kingamwili za damu hazitamfikia tena, na zilizomo kwenye maziwa hazitoshi peke yake. Rudi kliniki wiki hii, muda unao wa kutosha zipande na zivuke. Ukienda beba na kadi ya huyo mkubwa waiangalie kama dozi zake zimekamilika, maana yeye ndo atakayekuwa anambusu mdogo wake kutwa nzima.