Zuia, Kataza, Epuka: Kiingereza Kinavyoyatenga

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Ujiji. Wageni hupenda kuogelea mwaloni petu, mahali ambapo boti huingia na kutoka, nami nikaandika ubao wa kuwaonya: "We prevent you to swim here." Mwalimu mmoja aliufuta akaandika "Swimming is prohibited here", akasema langu lina makosa mawili, lakini hakupata nafasi ya kunieleza. Kamusi yangu inasema "prevent" ni zuia, na kweli sisi tunawazuia. Kosa liko wapi? (Msomaji, Ujiji, Kigoma)

JIBU: Ndugu yetu, kamusi haikukudanganya, ila neno letu "zuia" limebeba mizigo miwili. Askari akisimama njiani asikupitishe, amekuzuia. Kiongozi akitamka tu kwamba usipite, hata asipokuwepo mtu wa kukusimamisha, bado tunasema amekuzuia. Kiingereza huitenga amri na tendo. "Prohibit" ni kupiga marufuku kwa mamlaka au kanuni, na ubao wako unafanya hivyo hasa. "Prevent" ni kufanya jambo lisitokee, na ubao hauna mikono ya kumshika mwogeleaji.

Chukulia kokoro, nyavu ambazo sheria za uvuvi zinazikataza. Mtu akivua kwa kokoro usiku bila kukamatwa, Mwingereza atasema tendo lake "was prohibited but not prevented", yaani lilikatazwa ila halikuzuiwa. Vivyo hivyo, Serikali iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, amri ile iliitwa "ban", neno fupi ambalo magazeti hulipenda; lakini lengo lake, kulinda samaki wasivuliwe kupita kiasi, tungelieleza kwa "to prevent overfishing". Asili ya neno "prevent" inasaidia kulikumbuka, kwa kuwa limetoka katika Kilatini, likiwa na maana ya kuja kabla. Ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Zaburi ya 119, ina maneno "I prevented the dawning of the morning", ambayo hayamaanishi kwamba mtu alizuia alfajiri, bali kwamba aliitangulia. Anayezuia leo ni yule aliyewahi kufika kabla ya jambo.

Kosa la pili ni la muundo. Baada ya "prevent" na anayezuiwa huja "from", kisha kitenzi chenye "-ing": "The wind prevented us from sailing." Muundo wa "prevent us to sail" haukubaliki, ingawa nauona katika barua nyingi tunazoletewa, na sishangai, kwa sababu "forbid", ambalo ni kukataza pia, hukubali "to" vizuri kabisa: "My father forbade me to swim." Waingereza wengi huiacha "from" baada ya "prevent" na "stop", na maana haibadiliki. Lakini usithubutu kuiacha baada ya "keep". "Keep the child from crying" ni kumfanya mtoto asilie. "Keep the child crying" ni kumfanya aendelee kulia.

Hukuuliza kuhusu "avoid", nami siwezi kuliacha, kwa kuwa wanafunzi wetu huliweka mahali pa "prevent" kila siku. Hapo Kiswahili kinatusaidia, maana tunajua kutofautisha kuepuka na kuzuia. Nahodha huepuka mwamba, na Kiingereza chake ni "avoid the rock". Huwezi kusema "prevent the rock", kwa sababu mwamba upo tayari, hautukii. Ajali, kwa kuwa hutukia, yaweza kuzuiwa au kuepukwa. Na ikiwa balaa lilikuwa limekaribia kabisa, kisha mtu akaliepusha, kuna "avert", neno zito linalofaa hatari kubwa zaidi kuliko mambo madogo ya nyumbani.

Kwa ubao wako, sentensi ya mwalimu ibaki. Ukitaka kuwaeleza wageni sababu, ongeza chini yake "to prevent accidents", na hapo neno ulilolichagua mwanzo litakuwa limekaa mahali pake.