Hiari yashinda utumwa, ila si kwenye barua ya kazi

Barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa na mistari minne, na hata sikuiandika mimi. Aliichapa mtu wa utumishi pale kiwandani, akanisogezea na kalamu juu yake: "Weka sahihi hapa dada, uende zako kwa amani." Nilikuwa nimeuvuta mtandio hadi kwenye jicho la kushoto, jicho lenyewe limefumba. Getini mume wangu ananisubiri na baiskeli yake, mara ya tatu wiki ile. Walinzi walishamchoka, na ofisi ilishanichoka mimi. Nikatia sahihi, nikapitia mlango wa nyuma, jioni nikawa Muheza kwa shangazi.

Mstari wa pili ulisema: "nimeamua kwa hiari yangu mwenyewe."

Baada ya miezi mitatu, madeni yamenifika shingoni, mwenzangu mmoja akanitonya kuwa NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania, kuna fao la kukosa ajira. Nikadamka, nikashuka stendi ya Kange, Tanga, nikaenda na karatasi zangu kwenye bahasha. Afisa alisoma ile barua, akaweka kidole juu ya neno moja. "Mama, hapa umeacha mwenyewe." Sina la kumlaumu, sheria ndiyo inavyosema. Fao hilo lililoingia na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 ni la aliyeachishwa. Aliyeacha kwa hiari yake halimhusu.

Nilichokosa ni hiki. Mwanachama aliyechangia miezi 18 au zaidi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi, kwa miezi 6. Kwa mshahara wa laki tatu, hiyo ni 99,900 kwa mwezi, karibu laki sita kwa jumla. Kwa mwanamke aliyetoka na mfuko mmoja wa nguo na mtoto mgongoni, hiyo ni kodi ya chumba na unga mpaka apate pa kushika. Mimi nilikuwa nimechangia miaka minne.

Kwa hiyo shoga yangu, kama unapanga kuondoka, ondoka. Roho kwanza, kazi baadaye. Ila usisaini karatasi uliyoandikiwa na mtu mwingine siku ambayo mikono inakutetemeka. Sema, "naomba nikaisome nyumbani." Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini papo hapo.

Badala yake andika ya kwako, kwa mkono inatosha. Omba likizo, au uhamisho kama wana tawi jingine. Eleza kwa ufupi kwamba usalama wako uko hatarini, taja namba ya RB, yaani ya taarifa yako polisi, kama umesharipoti, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiwa umeumizwa, mwone daktari upewe cheti cha kupumzika: kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Wengi wetu hatujui, tunatoroka kimya kimya. Ukipotea zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana, wanaweza kukufukuza kwa utoro, na kiinua mgongo kikaenda na maji. (Kiinua mgongo chenyewe ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10.)

Na kama ulishasaini kwa kushinikizwa kama mimi? Kimbia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Kujiuzulu kwa kulazimishwa si hiari, na hoja hiyo inasikilizwa. Mimi nilifika siku zimeshapita. Unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini hapo utaeleza ulikuwa wapi siku zote hizo, na kueleza yale mbele ya watu usiowajua si kazi ndogo.

Wenzetu wamefika mbali. Huko California, anayeacha kazi ili kujinusuru na mume mpigaji huhesabiwa ana sababu ya maana, na fao anaweza kulipata. New Zealand tangu Aprili 2019 kuna likizo ya siku 10 yenye malipo kwa ajili hiyo hiyo. Sisi bado tunapenya kwenye matundu ya sheria iliyotungwa kwa mambo mengine.

Dawati la Jinsia lipo polisi, nenda, uchukue na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Usikubali kuambiwa "ni mambo ya ndani". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Halafu badilisha namba ya siri ya simu yako kabla ya siku ya mshahara. Wangu alikuwa anaijua. Mshahara wa mwisho niliuona kwenye ujumbe tu, "umetoa", nami niko shambani kwa shangazi nachambua mchicha.

Mwaka jana binti mmoja wa Pongwe alinijia na barua ile ile, mistari minne. Hakusaini. Aliandika yake ya kuomba uhamisho, wakamzungusha wiki sita, mwishowe kampuni yenyewe ikamsitishia mkataba kwa maandishi. Akapewa hati ya utumishi, malipo ya notisi, na fao likatoka. Fedha ya kwanza alinunua godoro na kitasa kipya cha mlango. Fundi alimtoza elfu tano kukifunga, na njia nzima alinung'unika kwamba ameibiwa.