Ukimkuta mchezaji wa zamani, anza na mechi

Watu wengi wakimwona mchezaji wanayemfahamu, mkono unakimbilia simu. Picha moja, mbili, dole gumba juu, "asante sana kaka", kila mtu anashika njia yake. Sina ugomvi na picha, hata mimi ninazo. Lakini baada ya miaka mingi ya kupishana na wachezaji kwenye mabasi, kwa vinyozi, misibani na kwenye foleni, naamini picha ndiyo kitu kidogo kuliko vyote unavyoweza kuondoka navyo. Anza na mechi, tena mechi moja uliyoiona kwa macho yako, halafu nyamaza umsikilize.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Mwaka 1988, Coastal Union walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, nilikuwa bado shule ya msingi. Uwanja wa Mkwakwani, pale pale Tanga, nilikuwa naingia kwa njia mbili: nimeshikwa mkono na mjomba, au kwa fungulia mbwa, pale geti linapoachwa wazi mechi ikielekea ukingoni. Kwa hiyo mechi nyingi za utotoni nazijua kuanzia mwisho wake. Yaliyotangulia niliyasikia kwa mayowe ya jukwaani na kwa redio ya muuza kahawa nje ya uwanja. Wala msidharau kumbukumbu za namna hiyo. Kipande kimoja ulichokiona vizuri kina thamani kuliko msimu mzima uliosimuliwa.

Kipande kama hicho ndicho kilichonisaidia miaka kadhaa iliyopita ndani ya basi la Tanga kwenda Dar. Jirani yangu alikuwa mzee mrefu, goti la kulia halikunji, mguu ameunyoosha kwenye njia, na kila utingo alipopita alimwomba radhi. Shikamoo, marahaba mwanangu, basi. Tulipofika Muheza akanunua machungwa dirishani, mfuko mzima, akaupakata. Baada ya Segera vijana wa kiti cha nyuma wakaanza ubishi wao wa Simba na Yanga, nani mkubwa, nani mnyonge. Mzee akacheka, akasema kama anajisemea, "Hao walikuwa wakija kwetu Mkwakwani, hawalali usiku."

Nilichokisikia mimi ni lile neno "kwetu". Ningeweza kumuuliza yeye ni nani. Badala yake nikamwambia nilivyowahi kuingia Mkwakwani kwa fungulia mbwa, nikasimama nyuma ya goli, na hapo hapo ikapigwa kona, kipa kapitwa, beki mmoja akauondoa mpira kwa kichwa ukiwa mstarini. Mzee akanigeukia mwili mzima. "Ulikuwa nyuma ya goli lipi?" Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akauliza mvua ilikuwa imenyesha au la. Nikamwambia palikuwa na tope. Basi.

Akatoa machungwa manne akayapanga juu ya paja, kwenye kikoi, yamepishana kidogo. Hawa ndio mabeki. Kizibo cha maji akakiweka mbele yao: sentafowadi wa wageni. Akanieleza kwamba uwanja ukijaa sauti haifiki, hata upige kelele vipi mwenzako wa mita tano hakusikii. Kwa hiyo wao walikuwa na alama. Namba tano akiweka mkono kiunoni, wote wanne wanapanda hatua tatu kwa pamoja, na mshambuliaji anabaki nyuma yao ameotea. Akayasukuma machungwa mbele kwa kiganja, polepole, kizibo kikabaki peke yake. Akarudia, mara hii namba tatu akachelewa, akanionyesha goli linavyoingia. Tulipofika Mkata, dereva akakanyaga breki na chungwa moja likaporomoka hadi chini ya kiti. Mzee akaliangalia, akacheka hadi akajifuta macho: "Namba mbili huyo! Hata siku zile ndivyo alivyokuwa."

Habari ya goti sikuigusa. Aliisema mwenyewe tulipokuwa tunavuka Wami, kwa sentensi chache: aliumia Jumamosi, akakandwa kwa maji ya moto yenye chumvi, Jumatano akapangwa tena. Timu haikuwa na daktari na hakuna aliyeona ajabu. Kisha akarudi kwenye machungwa. Jina lake na timu yake sitavitaja, kwa sababu sikumwomba ruhusa, na hilo nalo ni sehemu ya ushauri wangu. Mtu akikufungulia moyo ndani ya basi amekufungulia wewe. Ukitaka kuyaandika kwa jina lake, mwombe.

Kuna maswali mawili ningependa tuyaache kabisa. La kwanza ni "Unanikumbuka?" Mchezaji alikuwa akitazamwa na maelfu, atakukumbukaje wewe? Unamlazimisha adanganye au akuvunje moyo. La pili ni "Siku hizi uko wapi?" Kwa mtu mwingine hiyo ni salamu. Kwa mchezaji wa zamani ni kama kumwambia amepotea, na wengi wao wanaijua huruma iliyojificha ndani ya swali hilo. Wengi walicheza wakati ambapo malipo yalikuwa ajira kwenye shirika au posho ya safari, na mpira ulipokwisha ukaisha kweli. Wanaendesha maisha kama sisi. Hawahitaji kukumbushwa hilo na mtu waliyekutana naye dakika moja iliyopita.

Swali zuri ni lile ambalo wewe uliyekuwa jukwaani huwezi kulijibu. Chukua ile sare ya 3-3 ya Oktoba 20, 2013. Sisi tuliokuwa mzunguko Uwanja wa Taifa tuliyaona mabao yote: Yanga wanaongoza 3-0 hadi mapumziko, Mrisho Ngassa moja, Hamis Kiiza mawili, nusu ya uwanja inaimba, upande mwekundu watu wameanza kutoka. Kipindi cha pili Simba wakarudisha yote matatu. Mabao hayo hata mtoto anaweza kuyatafuta kwenye simu. Nisichokijua hadi leo ni kilichosemwa ndani ya chumba cha Simba katika zile dakika kumi na tano. Na kumbuka kocha aliyekuwa mle ndani ni Abdallah Kibadeni, mtu yule yule aliyeifunga Yanga mabao matatu peke yake kwenye zile sita bila za Julai 19, 1977. Alipaza sauti? Alinyamaza? Nani alivua jezi akaitupa? Nikikutana na yeyote aliyevaa jezi siku ile, upande wowote, ndilo nitakalomuuliza, na wa Yanga nitamuuliza chumbani kwao walikuwa wanacheka kiasi gani.

Kipa muulize kuhusu penalti. Mlinzi muulize nani alimsumbua kuliko wote, kwani mabeki wana heshima kubwa kwa waliowatesa na huwataja kwa mapenzi. Winga muulize kuhusu uwanja mbovu aliowahi kucheza. Na mtu wa benchi, yule aliyekaa msimu mzima hakuingia, usimpite. Huyo alikuwa na muda wa kutazama kila kitu.

Halafu andika, usiku ule ule, kabla hujalala. Hili nalisisitiza kwa sababu kumbukumbu za mpira zinachanganyika vibaya sana. Nimekaa vijiweni Temeke na watu wanaoapa kwamba walimwona kipa wa Simba, Juma Kaseja, akiwatoa Zamalek kwa penalti pale Taifa. Ukweli ni kwamba mwaka 2003 Simba walishinda 1-0 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 Cairo, na penalti zilipigwa huko huko Cairo, mbele ya Wamisri waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Hao wa kijiweni si waongo. Waliisikia kwenye redio kwa moyo wote, na baada ya miaka ishirini sikio limegeuka jicho. Vivyo hivyo waulize waliokuwa uwanjani Juni 7, 2010, Brazil walipotufunga 5-1. Watakuhadithia Kaka alivyopokea mpira, Robinho alivyocheka. Waulize nani aliifungia Taifa Stars bao lile moja, uone wangapi watamtaja Jabir Aziz. Bao dhidi ya Brazil, limefungwa hapa nyumbani, na jina la mfungaji linaanza kufifia huku wengi walioliona wako hai!

Ndiyo maana daftari langu lina mambo ya kawaida kabisa: mechi, tarehe, nilikaa upande gani, hali ya hewa, kiingilio, na jambo moja nililoliona ambalo nadhani gazeti halitaliandika. Swali la yule mzee kuhusu mvua lilinifundisha umuhimu wa hali ya hewa. Mchezaji anaikumbuka mechi kwa mwili, kwa tope na jua na viatu vilivyombana, wakati sisi tunaikumbuka kwa matokeo. Ukimtajia tope, mmekutana.

Timu za mikoani zinanisikitisha zaidi. Simba na Yanga zina watu wa kuzisimulia hadi kiama. Lakini nani anakaa na wachezaji wa Mseto ya Morogoro, waliochukua ubingwa 1975? Nani amewahoji vijana wa Tukuyu Stars wa 1986, timu iliyotoka kwenye ubaridi wa Rungwe ikawa bingwa wa nchi? Majimaji ya Songea, Pamba ya Mwanza, wote hao wana wazee walioko sokoni, mashambani, misikitini, makanisani. Kama uko Tukuyu au Songea na unasoma hapa, wewe una bahati kuliko mimi. Pengine mmoja wao anakunywa chai meza ya pili kutoka kwako.

Kuhusu chai, mlipie. Lakini mlipie mwenye mgahawa ukiwa unatoka, kimya kimya. Kumchomekea mtu noti mkononi mbele za watu, aliyewahi kubebwa mabegani na uwanja mzima, ni kumvua nguo. Kama mmezoeana na unajua ana shida, pitisha msaada kwa mwanaye au kwa mchezaji mwenzake. Wao wana njia zao za kusaidiana na utaziona wazi siku ya msiba: nenda kwenye maziko ya mchezaji wa miaka ile, utakuta wapinzani wa jana ndio wanaobeba jeneza.

Wachezaji wa sasa ni habari nyingine kidogo. Hao wanachoka na simu zetu, na wana haki. Kuna asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya dawa, na mbele yangu kijana wa timu ya taifa amembeba mtoto mwenye homa begani, siku moja tu baada ya Stars kufungwa. Watu walikuwa wananong'ona, kijana mmoja tayari ameinua simu anamrekodi. Nilimwambia tu, "Pole na mgonjwa, mdogo wangu." Akasema, "Asante, kaka." Yule mwenye simu nilimgusa bega, akaishusha. Hatukuongea mpira hata neno moja. Kwa mchezaji aliye kazini, mahali pa kumpa hisia zako ni uwanjani, ukiwa umelipa kiingilio. Akiwa na mtoto mgonjwa ni mzazi.

Ila ukimkuta kijana bado hajajulikana, ongea naye, na mwandike jina. Mbwana Samatta alikuwa wa Mbagala kabla hajawa wa TP Mazembe, Genk na Aston Villa. Siku alipofunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi la England ya Machi 1, 2020 dhidi ya Manchester City, simu yangu ilijaa watu wanaosema walimwona tangu African Lyon. Nawaamini. Nikawaomba mechi moja tu, tarehe au hata mpinzani, maana ningeipenda sana hadithi hiyo. Hakuna aliyekuwa nayo.

Kwa walioko Dar wasiojua pa kuanzia, nenda viwanja vya Leaders, Kinondoni, Jumapili asubuhi maveterani wanapocheza. Fika mapema, kaa upande wanakobadilishia nguo, usikae jukwaani. Kipindi cha kwanza usimsemeshe mtu. Watakapotoka, wale wenye miaka hamsini na kuendelea watakaa chini kufungua soksi, na hapo huwa wanabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu bao fulani la zamani, lilikuwa la kuotea au halali. Wakati huo unaweza kusogea, ukatoa shikamoo, ukawaambia wewe siku ile ulikuwa upande gani.